Nilimvuta mama mkwe mkono kwa hasira: je, huduma yangu yote ni unafiki?

*"Naishi Pasua, hapa Moshi. Nina miaka 41 na watoto watatu. Mama mkwe alipata kiharusi miaka miwili iliyopita, upande wa kulia haufanyi kazi, tunaye nyumbani. Mume wangu ni dereva wa malori, kwa mwezi anakaa nyumbani siku nne au tano. Wifi yangu yuko Dar, anatuma hela na kupiga simu kuuliza mama amekula nini. Mimi nina meza ya mitumba soko la Memorial, ni katibu wa jumuiya, nafua vitambaa vya altare, na kukiwa na msiba niko jikoni. Kila mtu husema nina moyo wa kutumikia. Mwezi uliopita, saa nane usiku, nilikuwa nabadilisha shuka za mama kwa mara ya tatu. Nikamvuta mkono kwa nguvu ili ageuke. Akasema, 'Nisamehe mwanangu, nakutesa,' akalia. Mimi nikanyamaza. Jumapili ile padre akahubiri kwamba matendo bila upendo ni kelele tupu. Tangu hapo najiona natoa huduma huku moyoni nahesabu. Niambie ukweli: upendo wangu ni unafiki? Niache haya ya kanisani mpaka moyo wangu utakapokuwa safi?"*

Dada yangu, nianze na mkono wa mama kabla sijafika kwenye moyo wako.

Mtu aliyepata kiharusi, misuli inayolishika bega la upande uliolegea huwa imepoteza nguvu. Mkono ukivutwa, hata na mtu asiye na hasira, bega linaweza kuteguka na kuacha maumivu ya muda mrefu. Kwa hiyo kesho, mchana kukiwa na mwanga, mwulize kama bega linamuuma. Litazame kama limeshuka kuliko la kushoto, kisha papasa kwa kidole chini ya ncha yake uone kama kuna kibonde. Ukikuta maumivu au hicho kibonde, mpeleke hospitali ya Mawenzi au KCMC aonwe, na uombe mkutanishwe na mtaalamu wa mazoezi ya viungo.

Na kuanzia leo, usimgeuze kwa mkono. Simama upande unaotaka ageukie. Mkunje goti la upande wa pili, weka kiganja kimoja nyuma ya bega lake, pale kwenye mfupa bapa, na kingine kwenye nyonga, halafu mlete kwako taratibu kwa uzito wa mwili wako. Ukitandika chini yake shuka lililokunjwa mara mbili, kutoka mabegani hadi mapajani, utakuwa unashika shuka badala ya kushika nyama yake. Kabla hujamgusa, mwambie: "Mama, sasa nakugeuzia huku." Sekunde tatu tu. Mtu asiyeweza kujigeuza huishi akishtukizwa kutwa nzima, na kumtaarifu ni kumrudishia heshima.

Nimeanza hapo kwa makusudi. Nimekuwa muuguzi miaka 26, na siku hizi kazi yangu ni kukaa na familia zinazouguza wazee nyumbani. Nilichokiona ni kwamba kwa mgonjwa wa kitandani, upendo ni jinsi unavyomshika. Yaliyomo moyoni mwako hayaoni. Anachokijua ni mikono yako.

Sasa swali lako. Naona umeshika imani moja ambayo watu wengi wema wanayo: kwamba moyo lazima utakate kwanza, ndipo huduma ipate thamani. Ukiamini hivyo, kila ukikasirika unajiona umebatilisha miaka miwili ya kuosha, kulisha na kukesha. Sivyo. Yale mahubiri yametoka kwenye sura ya 13 ya barua ya kwanza ya Paulo kwa Wakorintho. Isome tena pole pole. Paulo anapoueleza upendo, haelezi hali ya kujisikia. Anataja mwenendo: unavumilia, unatenda wema, hautafuti mambo yake wenyewe, hauhesabu mabaya. Hayo yote ni mambo ya kutenda, na mtu anaweza kuyatenda akiwa amechoka, akiwa mkavu, hata akiwa hana raha yoyote moyoni. Mama Teresa wa Kolkata alipofariki mwaka 1997 dunia ilimjua kwa tabasamu. Barua zake zilipochapishwa mwaka 2007 ndipo watu wakashangaa kusoma kwamba kwa miaka mingi alisali na kuwahudumia maskini bila kuonja faraja ya Mungu ndani yake. Hakuacha kuosha wagonjwa akisubiri faraja irudi.

Majirani zetu Waislamu wana neno zuri hapa, ikhlasi, kutakasa nia. Wanafundishwa kwamba nia inafanywa upya kila tendo, kwa hiyo aliyeteleza saa nane usiku anaweza kunuia upya saa kumi na moja alfajiri. Masingasinga nao huita kazi ya kujitolea seva. Katika hekalu lao, mwenye duka na kibarua hukaa chini sakafuni pamoja, wanakula chakula kimoja, na yeyote anaweza kushika zamu ya kuosha sahani. Hakuna anayeulizwa kwanza kama moyo wake ni safi. Anapewa sahani. Mikono inatangulia, moyo unafuata nyuma, na siku nyingine unachelewa.

Kwa hiyo jibu la swali la kwanza: hapana, si unafiki. Mnafiki ni yule anayetaka watu waone asichokuwa nacho. Wewe umeniandikia ukinionyesha hasa kile ambacho ungeweza kukificha. Lakini sitakufunika kwa maneno matamu nikaishia hapo, kwa sababu kumvuta mgonjwa mkono ni jambo zito, na lisipopatiwa dawa litajirudia. Tuangalie lilikotoka.

La kwanza ni usingizi. Sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayokuzuia kusema neno ulilokwisha kuamua kulinyamazia, ndiyo inayochoka mapema mtu anapokosa usingizi. Sehemu inayowasha hasira na woga yenyewe haichoki, bali huzidi kuwa kali. Anayeamshwa mara tatu kila usiku kwa miaka miwili anaingia kwenye chumba cha mgonjwa breki zikiwa zimelika. Hilo huwezi kulitibu kwa toba peke yake. Kule Upare wana ndiva, mabwawa ya kukusanyia maji ya kumwagilia. Maji huachwa yajikusanye usiku, asubuhi ndipo yanafunguliwa yaende mashambani. Ndiva isiyopewa usiku wake haina cha kumpa mtu asubuhi.

Na hapa kuna jambo ambalo huenda hakuna aliyekuambia. Mzee kulowa mara tatu kwa usiku mmoja kunaweza kuwa na sababu inayotibika. Inaweza kuwa maambukizi ya njia ya mkojo. Inaweza kuwa choo kigumu kilichojaa na kukibana kibofu, jambo la kawaida kwa mtu asiyetembea. Inaweza kuwa sukari. Na mara nyingi nakuta ni kidonge cha presha cha aina ile inayoongeza mkojo, ambacho familia inampa mgonjwa jioni pamoja na chakula, kumbe daktari angependa kimezwe asubuhi. Usibadilishe saa za dawa mwenyewe, wala usimnyime maji kwa sababu ya shuka, kwani ukavu wa mwili utamletea mengine makubwa zaidi. Weka dawa zake zote kwenye mfuko mmoja, hata zile za zamani, andika kwenye karatasi saa unazompa na saa anazolowa kwa siku tatu, nenda navyo hospitali. Kama mama ana zaidi ya miaka 60, ni mzee kwa mujibu wa Sera ya Taifa ya Wazee. Ulizia dirisha la wazee, na kama gharama ni tatizo, muone afisa ustawi wa jamii palepale hospitalini. Kulowa mara tatu kukipungua kukawa mara moja, utashangaa jinsi subira yako itakavyorudi bila mahubiri.

La pili ni hilo la kuhesabu. Umelisema kwa aibu, mimi naliona kama taarifa muhimu kuliko zote kwenye barua yako. Mtu hahesabu alichokitoa. Anahesabu alichokikopesha. Pale Memorial unajua: nguo uliyompa mtu bure huikumbuki, lakini ile ya mkopo iko kwenye daftari na jina la mkopaji. Ndani yako kuna daftari, na nadhani nikilifungua nitakuta jina la wifi ukurasa wa kwanza, na la mume ukurasa wa pili. Mama mkwe hadaiwi kitu humo, ila ndiye aliyekuwa karibu hasira ilipofika. Shida ni kwamba wadaiwa wenyewe hawajui kama wanadaiwa. Wifi anatuma hela, na kwa hesabu yake amemaliza. Hujawahi kumwambia, au umemwambia kwa kununa, na kununa hakufiki Dar kwa simu.

Watu huitumia habari ya Marta na Maria kuwafokea wanawake wanaohangaika jikoni. Mimi naisoma hivi: Marta alikuwa akihudumu, na huduma yake haikuwa kosa. Kilichomlemea ni kuhangaikia mengi huku akimpigia ndugu yake hesabu. Tena alipomfungulia Bwana moyo, alimsema Maria kwa mtu mwingine badala ya kumwambia Maria mwenyewe.

Nilimuuguza baba yangu miezi 14, nyumbani, mgombani. Akili yake ilikuwa imeanza kupotea. Jioni moja aliniuliza kama ng'ombe wameletewa majani, nikamjibu, akauliza tena, nikajibu, mpaka mara ya saba. Nikaweka bakuli la mtori chini kwa kishindo, nikatoka, nikaenda kusimama kwenye mibuni gizani. Niliporudi mtori ulikuwa umeganda utando juu, na kaka yangu, aliyekuwa amekuja kusalimia tu, alikuwa ameshika kijiko anamlisha. Alikuwa anamlisha vibaya, kijiko kimejaa mno, mchuzi unatiririka kidevuni. Nilitaka kumnyang'anya. Ndipo nikatambua kwamba kwa miezi yote ile sijawahi kumwachia kaka kijiko. Nilikuwa nasema hakuna anayenisaidia, na ni mimi niliyekuwa nimesimama mlangoni.

Sisemi wewe uko hivyo. Nakuomba ujichunguze. Wapo watumishi ambao wamefanya kila kitu vizuri kiasi kwamba hakuna mwingine anayejua mama anapenda uji wa joto gani. Umelemewa, ni kweli. Lakini pia mume wako amenyimwa nafasi ya kumpenda mama yake kwa mikono, na wanao watakua wakidhani kuuguza ni kazi ya mama peke yake. Wazee wetu wa mlimani walijua jambo hili. Mfongo, yaani mfereji wa maji, unaopita vihamba kumi, mashamba ya ukoo ya migomba, hausafishwi na kaya moja, hata kama ndiyo yenye nguvu. Watu huitwa msaragambo, kazi ya pamoja, kila kaya inatoa mtu, na asiyetoa anaulizwa waziwazi. Kuulizwa huko hakukuchukuliwa kuwa ni uchoyo wa aliyeuliza.

Basi uliza waziwazi. Usimwambie wifi "nimechoka", hilo ni wingu tu. Mwambie kitu chenye siku na saa: "Wifi, nakushukuru kwa hela, zinatusaidia sana. Sasa naomba mwili wako. Njoo mwezi ujao ukae na mama siku kumi, mimi nilale." Akisema hana likizo, mwambie hela ya mwezi huo aiongeze ili mumpate dada wa kulala na mama siku tatu kwa wiki. Msaidizi wa kulipwa ana uzuri na ubaya wake. Atakupa usingizi, lakini lazima umfundishe kugeuza, umwangalie wiki za mwanzo, na mama aone anaheshimiwa. Kumhamishia mama kijijini kwa ndugu ni njia nyingine, ila uifikirie kwa makini: barabara ya kwenda hospitali, choo, na nani hasa atakayekuwa naye usiku. Mimi kwa hali mliyonayo ningemwacha mjini.

Mume wako akirudi safari, najua kuna mpaka. Kwa wengi wetu mtoto wa kiume hamwogeshi mama yake, na mama mwenyewe angeona haya. Usimlazimishe. Lakini kumlisha, kumkata kucha, kumpaka mafuta miguuni, kumgeuza kwa shuka kila baada ya saa mbili ili asipate vidonda vya mgongo, hayo hayana haya. Usiku wa kwanza kila anaporudi uwe zamu yake. Wewe ulale chumba kingine, mlango umefungwa. Mwanao mkubwa kama amefika darasa la sita anaweza kumsomea bibi Injili ya siku na kumshikia kikombe, bibi akiwa amekalishwa wima na kunyweshwa kidogo kidogo asipaliwe.

Swali lako la pili, la kanisani. Usiache ibada. Punguza kazi, na si kwa sababu hustahili. Jikoni kwa msiba kuna shangwe yake, watu wanakuona, wanakuita jina, wanasema asante. Chumbani kwa mama hakuna anayekuona. Kupenda kusemwa asante si dhambi, ni njaa ya kawaida ya binadamu, na wewe nyumbani hulishwi. Maoni yangu: mwaka huu ukatibu umpe mwingine, misiba nenda kama mfiwa mwenzao, ukae, uimbe, urudi. Vitambaa vya altare, kama kuvifua kunakutuliza, baki navyo. Halafu fanya kitu ambacho naona kitakuwa kigumu kwako kuliko vyote: iombe jumuiya ije kwako. Wasalie sebuleni kwako mlango wa mama ukiwa wazi. Waombe kina mama wawili, wapokezane kukaa naye Jumamosi mchana. Mwombe padre amletee komunyo nyumbani. Petro alikataa katakata kuoshwa miguu, na aliambiwa wazi kwamba akikataa kuoshwa hana sehemu na Bwana wake.

Naomba usisubiri ikiwa utaona haya: majonzi au ukavu wa moyo karibu kila siku kwa zaidi ya wiki mbili, usingizi unakataa hata ukipata nafasi ya kulala, chakula hakipiti, unaanza kufikiri mama angekufa au wewe ungekufa ingekuwa nafuu, au mkono wako umemwendea tena kwa nguvu. Mawazo hayo huwajia wauguzaji wengi waliochoka, nayo yanatibika, lakini yanahitaji mtu wa kuonana naye uso kwa uso. Muone daktari, umwambie neno kwa neno, usiseme "kichwa kinauma" tu. Ukihisi kwamba usiku huu unaweza kumdhuru mama au kujidhuru, hakikisha amelala salama, toka nje, mwite jirani aje akae naye, na wewe uende hospitali usiku huohuo.

Bado kuna jambo moja, nalo ni la wewe na mama tu. Yeye alikuomba msamaha kwa kosa ambalo hakulifanya, na wewe ulinyamaza. Sasa huenda mwezi mzima anajihesabu kuwa mzigo. Kama mama ni mtu wa mlimani, anaijua maana ya sale, lile jani la kuombea msamaha, kuliko mimi na wewe. Chuma jani, ingia nalo asubuhi akiwa ameshaamka na kupata uji, keti upande wake wa kushoto ili akuone vizuri, umwekee kwenye ule mkono wenye nguvu. Mwambie, "Mama, usiku ule nilikuvuta. Wewe hukunikosea. Nimekuja kuomba radhi." Usiongeze maelezo ya uchovu, wala ya wifi. Akichelewa kujibu, subiri, maneno yake siku hizi yanatoka polepole. Na akitaka kukushika kichwa akuombee kwa huo mkono wa kushoto, inama afikie, usikimbilie beseni.